Amri Si Sheria: Kambi ya Jeshi na Kiwanja cha Jirani



Kila mwanzo wa muhula huwapa wanafunzi wangu zoezi dogo la msamiati. Huandika ubaoni maneno mawili, amri na sheria, kisha huwataka waeleze tofauti iliyopo baina yake. Wengi hujibu kwamba ni visawe. Siwalaumu. Hapa Uganda Kiswahili kiliingia masikioni mwa wazee wetu kwa sauti ya askari, kwenye vizuizi vya barabarani na malangoni pa kambi. Mtu aliyejifunza lugha kwa kuambiwa "simama" na "lete kitambulisho" si rahisi kumshawishi kwamba lugha hiyo hiyo inalo pia swali la kumwuliza afande: kwa mamlaka gani?

Leo nakuomba tulifanye zoezi hilo nje ya darasa. Chukulia kwamba umenunua kiwanja kwa akiba ya miaka kumi. Hati unayo, ramani imepitishwa na halmashauri, msingi umekwisha chimbwa na tofali la kwanza limelazwa. Asubuhi moja wanafika vijana wawili wenye sare, wanakukabidhi karatasi yenye nembo na mhuri. Ujenzi usimame mara moja, kwa sababu za kiusalama, kwa kuwa jengo lako liko karibu mno na kambi. Karibu kiasi gani? Karatasi haisemi. Kwa sheria ipi? Haisemi. Kwa muda gani, na hasara hii ataibeba nani? Kimya. Fundi anakusanya mwiko na timazi yake, na majirani wanakuliwaza kwa methali: mwenye nguvu mpishe.

Mimi nasema methali hiyo, pamoja na ukongwe wake, ni sumu katika nchi yenye katiba. Serikali inaweza kumzuia raia asijenge kando ya kambi. Naam, inaweza, na pengine inapaswa. Lakini haina budi kufanya hivyo kwa sheria iliyotungwa na Bunge, kwa mpaka uliopimwa na kutangazwa, kwa fidia, na huku mlango wa mahakama ukiwa wazi. Barua ya kamanda, hata ikigongwa mihuri saba, haifanyi kazi ya vitu hivyo vinne.

Kabla hujanidhania kuwa nawadharau wanajeshi, nikupeleke kwanza mahali ambapo hofu yao ina haki. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, Dar es Salaam. Haukupita muda wa miaka miwili, tarehe 16 Februari 2011, ikawa zamu ya Gongo la Mboto katika jiji hilo hilo. Mabomu yaliruka hadi kwenye nyumba za watu, na kila tukio liliua watu zaidi ya ishirini. Huko Ikeja, Lagos, tarehe 27 Januari 2002, ghala la kambi lililipuka na watu zaidi ya elfu moja wakafa, wengi wao wakizama katika mfereji walipokuwa wakikimbia gizani. Brazzaville ilizika watu zaidi ya mia mbili baada ya mlipuko wa Machi 2012. Anayesema kwamba umbali baina ya ghala la mabomu na kitanda cha mtoto ni jambo la kupuuzwa, huyo hajui anachokisema.

Lakini misiba hiyo ichunguze vizuri. Ikiwa ghala linahitaji nafasi tupu ya kilomita moja pande zote, hitaji hilo linamfunga mwenye ghala kabla ya kumfunga mwenye kiwanja. Ama serikali iitwae nafasi hiyo kihalali na kuilipia, ama ilihamishe ghala. Barua ya kumsimamisha mtu mmoja aliyefika kwenye lenta haifanyi lolote kati ya hayo mawili. Nyumba mia moja zilizomtangulia zimebaki pale pale, mabomu yamebaki pale pale, na mtu mmoja amefilisika. Huo si usalama.

Sasa tuvuke bahari twende India. Sababu ya safari hiyo si ugeni wa mambo. India na Afrika Mashariki zilitawaliwa na Mwingereza yule yule, na mara nyingi sheria zilizotungwa kule zililetwa huku zikiwa zimekunjwa sandukuni. Sheria ya India ya kutwaa ardhi ya mwaka 1894, kwa mfano, ndiyo iliyotumiwa katika himaya ya Afrika Mashariki wakati reli ikijengwa kutoka Mombasa. Ndugu yake mdogo alizaliwa mwaka 1903, nayo ni Sheria ya Majengo ya Ulinzi, ambayo ingali katika vitabu vya India hadi leo. Sheria hii inahusu jambo letu hasa: namna serikali inavyoweza kuweka masharti juu ya ardhi ya watu binafsi iliyo jirani na ngome au eneo la jeshi, ili ardhi hiyo ibaki bila majengo.

Nakusihi uutazame utaratibu wake kwa utulivu. Kwanza, serikali yenyewe ndiyo inayoona haja, wala si kamanda wa kambi. Inatoa tamko lenye saini ya katibu wa serikali, na tamko hilo huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Kisha ofisa wa wilaya hubandika matangazo katika eneo lenyewe, mahali ambapo watu hupita na kusoma. Tamko lazima lieleze ardhi iko wilaya gani na mahali ambapo mwananchi anaweza kwenda kuangalia ramani ya mipaka, na ramani hiyo isiwe ya kipimo kinachopungua inchi sita kwa maili moja. Fikiri juu ya sharti hilo dogo. Mtunzi wa sheria alijua kwamba ramani ya kubabaisha ni mlango wa dhuluma, kwa hiyo akaandika hata ukubwa wa kipimo.

Halafu inafuata mipaka mitatu, na yote ina tarakimu. Wa nje unaweza kufika yadi 2,000 kutoka ukingo wa ukuta wa nje wa ngome, yaani karibu mita 1,830. Ndani yake hakuna jengo linaloruhusiwa bila kibali cha maandishi. Wa pili unaweza kufika yadi 1,000, na masharti yanakazwa. Wa tatu, yadi 500, karibu hakuna kinachoruhusiwa isipokuwa uzio wa wazi au wa vichaka vikavu. Ni masharti makali mno, sikatai. Lakini baada ya ukali huo inakuja sehemu ndefu kuliko zote: ofisa wa wilaya awaite wote wenye maslahi, asikilize madai yao, apime hasara na kutoa uamuzi wa fidia. Asiyeridhika ana haki ya kutaka suala lake lipelekwe mahakamani.

Hiyo ilikuwa serikali ya kikoloni, msomaji wangu, chini ya Lord Curzon, mtu ambaye hakuna Mhindi hata mmoja aliyempigia kura. Siusifu ukoloni, ulikwapua mengi bila karatasi yoyote. Ninachouliza ni hiki tu: ikiwa mtawala asiyechaguliwa aliona ni lazima atangaze, apime na alipe, serikali iliyochaguliwa na wewe itajitetea vipi kwa kufanya pungufu ya hapo?

Na serikali ya India huru ilijaribu kweli kufanya pungufu. Kisa kilianzia Colaba, kusini mwa jiji la Mumbai, ambako jengo la ghorofa 31 liitwalo Adarsh liliinuka jirani na maeneo ya jeshi. Lilihusishwa na ahadi ya makazi ya mashujaa na wajane wa vita vya Kargil. Baadaye ilifichuka kwamba miongoni mwa waliogawiwa nyumba walikuwamo majenerali wastaafu, maofisa wa serikali na jamaa za wanasiasa. Waziri Kiongozi wa jimbo la Maharashtra, Ashok Chavan, alijiuzulu mwezi Novemba 2010. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Bombay iliamuru jengo libomolewe, kisha Mahakama ya Juu ikaisimamisha amri hiyo.

Sasa angalia mzigo wa fedheha ile ulivyohamishwa kutoka kwenye mabega ya wakubwa. Tarehe 18 Mei 2011 Wizara ya Ulinzi ilitoa waraka kwa kambi zake zote. Jengo lolote ndani ya mita 100 kutoka eneo la jeshi, na jengo la zaidi ya ghorofa nne hadi mita 500, lipate kwanza barua ya jeshi ya kutokuwa na pingamizi. Halikutangazwa tamko la sheria ya 1903, haikubandikwa ramani ya inchi sita kwa maili, wala hakuna mtu aliyeitwa kueleza hasara yake. Ilitosha kalamu ya ofisini. Mwenye nyumba chakavu aliyetaka kuivunja na kuijenga upya akajikuta anategemea hiari ya kamanda, ilhali hakuwa amepata hata chumba kimoja katika zile ghorofa 31.

Ikapita miaka mitano. Mwezi Oktoba 2016 wizara ile ile ikabadili mwongozo wake: katika vituo 193 umbali ukapunguzwa hadi mita 10, na katika vituo vingine 149 ukawa mita 100. Hebu tulia hapa. Kituo ambacho mwaka 2011 kilidaiwa kuhatarishwa na jengo lililo umbali wa mita 90, mwaka 2016 kikawa salama kwa mita 10. Je, kuta zilirefushwa? Adui aliacha kuona? La. Tarakimu ya kwanza haikuwa imepimwa na mtu, kwa sababu haikuwa ikimgharimu chochote aliyeiandika. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu juu ya fidia. Watu hudhani fidia ni huruma kwa mwenye kiwanja. Mimi naiona kuwa ni mizani. Serikali inapojua kwamba kila mita inayozuia ina bei, inamwuliza jenerali wake: kweli unahitaji mita 500, au kumi zinatosha na ukuta mrefu zaidi? Pasipo bei, swali hilo haliulizwi na mtu yeyote.

Mahakama za India nazo zililikabili jambo hili. Katiba yao, tangu marekebisho ya mwaka 1978, ina ibara ya 300A isemayo kwamba hakuna atakayenyang'anywa mali yake ila kwa mamlaka ya sheria, na Mahakama ya Juu imefafanua kwamba sheria hapo ni ile iliyotungwa na chombo chenye uwezo wa kutunga, si utashi wa mtendaji. Zipo Mahakama Kuu zilizowaambia wanajeshi waziwazi kuwa sheria ya 1903 ipo, waitumie, watangaze na walipe, kwani waraka wa wizara haushiki nafasi yake. Zipo pia hukumu zilizoegemea upande wa jeshi, pale ambapo kanuni za mipango miji zenyewe ziliipa halmashauri uwezo wa kuzingatia usalama kabla ya kutoa kibali. Sifichi hukumu hizo, kwa maana hata humo nguvu ya kuzuia ilitoka katika kanuni iliyoandikwa na kujulikana. Haikutoka mfukoni mwa kamanda.

Turudi nyumbani. Nchi yetu inajua ni nini kuishi ambapo amri imekalia kiti cha sheria. Mwezi Mei 1966 jeshi lilivamia Lubiri, kasri la Kabaka pale Mengo, na kasri likageuzwa kambi kwa miaka mingi. Ikiwa kasri la mfalme halikuokoka, kibanja chako kingeokokea wapi? Ni kumbukumbu za aina hiyo zilizowafanya watunzi wa Katiba ya mwaka 1995 waandike Ibara ya 26 kwa uangalifu mkubwa. Ibara hiyo inautaja ulinzi wa nchi kwa jina lake kuwa miongoni mwa sababu halali za kumwondolea mtu mali. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba jeshi lilisahauliwa. Lilikumbukwa, na likawekewa masharti: pawepo sheria, malipo ya haraka, ya haki na ya kutosha yafanyike kabla ya serikali kuishika mali, na mwenye mali aweze kwenda mahakamani. Mwaka 2015, katika shauri lililotokana na barabara ya Hoima hadi Kaiso na Tonya, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kifungu cha sheria ya kutwaa ardhi kilichoiruhusu serikali kuingia kabla ya kulipa kilikwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 2017 serikali ilileta muswada wa kuilegeza Ibara hiyo. Ulipingwa vikali na haukupita.

Najua jibu utakalopewa. "Jeshi halijachukua kiwanja chako, limekuzuia kujenga tu." Ah, hilo neno "tu"! Sisi walimu wa lugha tunaujua uwezo wake wa kuficha. Ibara ya 26 haizungumzii mali pekee. Inataja pia maslahi yoyote katika mali na haki yoyote juu yake. Kiwanja cha makazi kisichoruhusiwa kujengwa nyumba ni nini zaidi ya shamba la majani unalolilipia? Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza kesi ya mfugaji wa kuku wa Carolina Kaskazini, aliyeishi karibu na uwanja uliotumiwa na ndege za jeshi wakati wa vita. Ndege zilipita futi 83 tu juu ya ardhi yake. Kuku wake walishtuka, wakajirusha kutani na kufa, kiasi cha kuku 150. Jeshi halikuchukua hata shubiri moja ya udongo wake. Mahakama ilisema hata hivyo kwamba serikali ilikuwa imetwaa haki juu ya mali yake, nayo ilipaswa kulipa.

Atakuja mwingine na Ibara ya 242, isemayo kwamba serikali inaweza kusimamia matumizi ya ardhi. Msomee mpaka mwisho. Inasema serikali itafanya hivyo chini ya sheria zilizotungwa na Bunge na sera zitakazowekwa mara kwa mara. Kiunganishi ni "na", si "au". Sera inatembea na sheria. Haiachiwi kutembea peke yake usiku.

Watasema pia kwamba mambo ya jeshi ni siri. Yaliyomo ghalani ni siri, nakubali. Mpaka wa mita ngapi raia asijenge hauwezi kuwa siri, kwa sababu raia ndiye anayetakiwa kuufuata. Huwezi kumwadhibu mtu kwa kuvuka mstari uliomficha. Na wale wasemao "uliikuta kambi, ukajisogeza mwenyewe" wana hoja nzuri kuliko wenzao, lakini inawageukia. Kambi nyingi zilijengwa nje ya miji, na miji ikazifuata; Mbuya hapa Kampala leo imezungukwa na makazi. Dawa ya jambo hilo ni ile ile ramani ya hadharani. Tangu mwaka 2010 Sheria ya Mipango imeitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango. Basi mpaka wa kambi na uchorwe humo, uonekane na kila mnunuzi kabla hajatoa shilingi yake ya kwanza. Atakayejenga baada ya hapo, akivunjiwa, sitamlilia.

Kuhusu kwamba serikali haina fedha za fidia, sina maneno mengi. Na mwenye kiwanja je, anazo?

Ningependa wabunge wetu wawekewe jambo hili mezani: sheria moja, yenye mipaka ya tarakimu, ramani, muda wa kusikilizwa na kanuni za malipo. Katiba, katika Ibara ya 208, inalitaka jeshi liwe chini ya mamlaka ya kiraia, na katika Ibara ya 209 inalipa kazi ya kukuza maelewano baina yake na raia. Sheria ya namna hiyo ingelinda hata kamanda, maana asingelazimika kukisia.

Nawe, ikitokea karatasi ile imekufikia, usigombane na kijana aliyeileta, ametumwa. Ipokee. Mwandikie aliyeisaini, kwa adabu, na nakala umpe ofisa mipango wa halmashauri iliyokupa kibali: ni sheria gani na kifungu gani, mpaka uko mita ngapi na umechorwa wapi, ulitangazwa lini, na nani atasikiliza dai langu la fidia. Wakikuonyesha sheria, isome, na ikiwa inawapa uwezo huo, itii. Wasipokuonyesha, Ibara ya 42 inakupa haki ya kutendewa kwa uadilifu na ofisa yeyote wa utawala, na ya kuupeleka uamuzi wake mahakamani. Mtafute wakili mapema. Kanuni za mapitio ya mahakama zinataka ombi lako lifikishwe ndani ya miezi mitatu, na watu wengi hupoteza haki yao wakiwa bado wanatafuta mjomba wa kuwasemea kambini. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hata ya kumpigia simu fundi, geuza karatasi hiyo na uandike nyuma yake tarehe na saa uliyoipokea.